Mapambo ya Motokari na Pikipiki: Je, ni Ubatili?

Mwenye kusimama kwenye kituo cha pikipiki hapa Gety siku ya soko atafikiri kuna arusi. Maua ya plastiki kwenye usukani, taa ndogo za buluu chini ya tangi, kiti kilichovikwa ngozi ya bandia, na nyuma mpira wa kuzuia matope ulioandikwa jina la timu, jina la Mungu au jina la mama mzazi. Rudi mwaka ujao: maua yale hutayaona tena, kumekuja kitu kingine.

Wazee wanatikisa kichwa, wanasema franga za watoto zinaishia kwenye upuuzi. Vijana nao wana jibu lao. Mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wetu, alituambia: « Mwalimu, moto bila mapambo iko sawa na mtu bila jina. » Sisi walimu tuko katikati, tunaombwa kuamua. Swali lenyewe ni hili: je, ni kosa mtu kutumia mali yake kwa uzuri ambao unapita?

Tusiwe wepesi wa kusema kwamba wazee wetu hawakujua mambo hayo. Walichonga mpini wa kisu hata kama mpini usiochongwa ungekata nyama vilevile. Majirani zetu Wamangbetu, huko Uele, walijulikana kwa vinubi vilivyochongwa kichwa cha mtu, na pia kwa desturi ya kufunga kichwa cha mtoto mchanga ili kirefuke, maana kichwa kirefu kilikuwa alama ya ukubwa. Desturi hiyo ilififia katikati ya karne ya 20. Vinubi vyao leo vinatunzwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Basi mtindo kuja na kupita si jambo tulilofundishwa na wazungu.

Lakini kuna mtindo unaozaliwa na watu, na kuna mtindo unaotengenezwa ili uzeeke. Henry Ford aliuza motokari yake ya Modeli T kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na kwa miaka mingi ilitoka kwa rangi nyeusi tu. Washindani wake wa General Motors walifikiri namna nyingine: mwaka 1927 walifungua idara ya kuchora maumbo, chini ya Harley Earl, na wakazoea kubadilisha sura ya motokari mwaka hata mwaka, ili ile ya jana ionekane imezeeka hata kama injini yake ingali nzima. Mwaka 1948 Cadillac ilitoka na mabawa mawili madogo nyuma, yaliyoigwa kutoka ndege ya vita ya P-38. Yakakua, yakakua, hata mwaka 1959 yakawa marefu kupita yote. Baada ya miaka michache, yakaisha. Yalikuwa hayabebi mzigo wala hayaongezi nguvu.

Kwetu jambo hili lina uchungu wake. Motokari nyingi za Bunia zilitumika kwanza Japani, zikapitia bandari ya Mombasa na Uganda, usukani ukiwa kuume, nasi tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Zinatufikia wakati sura yake imekwisha kusahauliwa kule, na sisi tunaiita « ya kisasa ». Kumbe ambayo watu wetu wanaitegemea kwa kweli ni Land Cruiser ile ya mwaka 1984, ambayo umbo lake halikubadilika sana na ingali inatengenezwa. Mgonjwa anayepelekwa hospitali wakati wa mvua haulizi umbo la taa zake.

Hapo tungeweza kumaliza na kuwapa wazee haki. Lakini jambo moja lilitugeuza mawazo. Wakati wa mvua tulitoka Bunia kwa pikipiki iliyopambwa vizuri sana. Tulipopita Bogoro, kwenye mteremko, lori lilitujia nyuma. Lilipiga honi, shofere wetu hakusikia kwa sababu ya muziki, na hakuliona kwa sababu pikipiki haikuwa na vioo. Tulimpiga mgongoni, akakata kona, tukaishia wote wawili mtaroni na madaftari yetu ya mitihani kwenye matope. Hakuna aliyevunjika, Mungu asifiwe. Tulipomuuliza vioo viko wapi, alijibu kwa haya: « Nilivitoa, mwalimu. Wenzangu wanasema ni vya wazee. »

Tukiwa pale mtaroni tuliona kwamba maua hayakutuangusha. Kilichotuangusha ni kioo kilichoondolewa. Ndugu zetu wa Nairobi waliwahi kuchanganya mambo hayo mawili. Mwaka 2004 sheria za waziri Michuki zilidai mikanda na vidhibiti mwendo ndani ya matatu, jambo jema. Pamoja na hayo, kila matatu ikatakiwa kuvaa mstari wa manjano na michoro ya vijana ikafutwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alisema vijana waachwe wachore. Rangi haikuwa imeua mtu.

Kwa hiyo tunapima hivi. Pambo ni halali likilipwa na mwenye nalo. Ni dhambi likilipwa na abiria. Anayefunga maua ametoa franga zake. Lakini anayetoa vioo, anayefunika taa ya nyuma, au anayenunua taa za buluu na kuacha breki zilizokwisha, huyo amepamba kwa mali ya mama aliyeketi nyuma na mtoto mgongoni, na hakumwomba ruhusa. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tusiseme tu juu ya vijana. Sisi wenyewe, tulipoanza kazi na kupata kinga yetu ya kwanza, tuliifunga kengele mbili na utepe wa rangi, huku breki ya nyuma ikiwa ni kisigino chetu. Hakuna mzazi aliyetuuliza. Labda ndiyo sababu tunaona aibu kuwagombeza watoto kwa ajili ya maua.

Shofere yule tulimwona tena mwezi uliofuata, kituoni. Alikuwa amerudisha vioo, na juu ya kila kimoja amefunga ua jekundu. Wenzake walimcheka. Tulipanda pikipiki yake mbele ya wote. Wazazi na viongozi wa vituo nao wafanye hivyo: kabla ya kukubaliana bei, watazame kama vioo vipo.