KUFULI LA WOTE, NANI MLINZI WAKE?

Mkazi wa Ipagala, Dodoma, leo ananunua umeme na kutuma ada ya mtoto kwa simu, akiwa kibarazani kwake. Siri zake zinasafiri zikiwa zimefungwa. Kufuli hilo, ndugu msomaji, mara nyingi halikutengenezwa na benki wala kampuni ya simu. Limechotwa katika hazina ya bure, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea.

Mfano ni OpenSSL. Aprili 2014 ulimwengu ulitangaziwa kuwa programu hiyo ina ufa, ukaitwa Heartbleed. Ulikuwemo tangu toleo la Machi 2012. Aliyeujua aliweza kuchota maneno ya siri kutoka kwenye kompyuta za watu. Mamlaka ya kodi ya Canada iliibiwa namba za utambulisho za watu wapatao 900. Ikabainika pia kuwa kufuli hilo, tegemeo la makampuni tajiri, lilikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa muda wote, na michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka.

Je, nani alaumiwe? Wapo wanaosema ni mwandishi aliyekosea. Lakini yeye alitoa bure, na leseni ilisema wazi kuwa hakuna dhamana. Wengine wanasema hakuna wa kulaumiwa, kwani kitu cha wote si cha mtu. Hoja hii ndiyo ya hatari.

Tumefundishwa kuhusu fardhi kifaya: wakiitekeleza baadhi, dhima huwaondokea wengine, ikiachwa, wenye uwezo wote wana dhambi. Tunachosahau ni kwamba dhima haiondoki kwa kudhani tu kuwa yupo anayefanya. Huondoka kazi ikifanyika na kutosheleza. Mtu mmoja kulinda mlango wa mamilioni, hapo pametoshelezwa nini?

Tena, aliyepokea fedha zako amepokea amana. Hawezi kumtupia dhima fundi wa ng'ambo asiyekujua, eti kufuli lilikuwa la bure. Ubure ulimpunguzia gharama, haukumpunguzia amana.

Sayyidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma, Madina, akakitoa kwa Waislamu. Na mafakihi wanasema pato la wakfu lianze kuutunza wakfu wenyewe. Sisi wa Dodoma, tunaokunywa maji ya visima vya Makutupora, tunajua kuwa kisima bila fundi wa pampu ni shimo tu.

Baada ya 2014 makampuni makubwa, yakiwamo Google na Microsoft, yaliahidi kuchangia. Hata hivyo, Desemba 2021 ufa mwingine ulionekana katika Log4j, nayo ya kujitolea. Kumbe tunaamka nyumba ikishaungua.

Basi benki zetu, watengeneza programu wetu na vyuo vyetu vijiulize: tunachota, tunarudisha nini? Fedha, saa za mafundi, au hata taarifa ya kasoro. Nasi watumiaji tusipuuze kusasisha simu zetu. Anayechota kila siku asijiite mpita njia.

Wallahu a'alam.