Tufe la Shuleni na Mpira wa Vidole Vitatu

Kijana mmoja wa Kibomet, pale Kitale, alisifika shuleni kwa kurusha tufe. Msimu wa mavuno alipandisha magunia ya mahindi kwenye lori tangu asubuhi, na jioni bado alikuwa na nguvu za kucheza kandanda. Alipokwenda Nairobi kumtembelea binamu yake, Jumamosi moja wakaingia ukumbi wa boling. Mipira ilikuwa imepangwa kwa namba za uzito wake kwa pauni. Akachukua wa 16, mzito kuliko yote.

"Kaka, anza na wa kumi," mhudumu akamsihi.

"Uzito huu naujua tangu shule," akajibu, na binamu yake akampigia makofi.

Kwa hesabu hakukosea. Mpira wa pauni 16 ni kilo 7.26, sawasawa na tufe la wanaume la mashindano. Lakini tufe hukaa shingoni, likashikwa na kiganja, likasukumwa kwa miguu, kiuno na bega. Mpira wa boling huning'inia kwenye vidole vitatu, mkono ukiwa umenyooka; hupelekwa nyuma kisha mbele, na unapoachiwa mwili wote umeinama juu ya goti moja lililokunjwa. Kifundo cha mkono kisipokazwa, uzito wote hukivuta. Tena si mara moja. Mchezo mmoja waweza kufika mirusho 21, nao walicheza michezo mitatu. Tukikadiria mirusho 50 tu, ni zaidi ya kilo 360 zilizopita kwenye vidole vilevile jioni moja. Wachezaji wengi hupima mpira kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, na anayeanza hushuka chini ya hapo. Yeye alikuwa na kilo 62.

Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni tundu la dole gumba. Mipira mizito ya ukumbini hutobolewa matundu mapana, kwa kuwa hutegemewa kuchukuliwa na watu wenye mikono mikubwa. Dole lake lilicheza ndani, basi akalibana kwa nguvu kila mrusho ili mpira usimponyoke. Ukingo wa tundu ukawa unasugua mshipa wa fahamu upitao ubavuni mwa dole hilo. Jeraha hili madaktari wanalijua sana kwa wacheza boling: ganzi, kisha kuchomachoma, kisha uvimbe mdogo unaouma ukiguswa. Ndiyo maana mchezaji wa kweli hununua mpira wake na kuutoboa kwa kipimo cha kiganja chake mwenyewe. Asiye na mpira wake hana budi kujaribu mitatu au minne hadi apate ambao dole linaingia na kutoka bila kukwama wala kulegea. Kuomba mpira mwingine si aibu, na inaniuma kuona vijana wenye nguvu wakinyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Viatu navyo vina kazi yake. Soli laini huteleza hatua ya mwisho, na kuteleza huko ndiko kunakolipunguzia goti mshtuko. Yeye alitoka navyo barazani kupokea simu, mvua ikiwa imenyesha, akarudi na soli mbichi. Mguu wa kushoto ukang'ang'ania sakafu, mwili ukaendelea mbele pamoja na mpira, goti likapinda.

Goti lilipona baada ya majuma machache. Dole gumba lilikawia. Daktari alimkataza kubana wala kuinua kitu kizito kwa mkono wa kulia, na katazo hilo likaangukia wakati wa mavuno. Yule aliyezoea kupandisha magunia ya jirani kwa malipo alikaa kando ya lori akihesabu magunia ya kwao, na mama yake akawalipa vibarua wawili kwa fedha zilizokuwa zimewekwa za mbolea ya msimu unaofuata.