Ada Ikishalipwa, Deni Linabaki kwa Nani?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi wengi nchini Tanzania huanza kujumlisha: ada, malazi, bima ya afya, fedha za mafunzo kwa vitendo. Kwa ualimu au sanaa, mara nyingi ada ya chuo binafsi haipishani sana na ya chuo cha umma. Kwenye udaktari ndiko hesabu zinakovurugika, maana chuo binafsi huweza kutoza mara kadhaa ya kile kinachotozwa katika chuo cha umma cha Muhimbili. Basi watu husema cha umma ni rahisi, cha binafsi ni ghali, na kwa mfuko wa mzazi wamesema kweli. Lakini maabara, miili ya kujifunzia anatomia na mishahara ya maprofesa havishuki bei kwa sababu chuo ni cha serikali. Pengo linazibwa na mlipa kodi, akiwemo mama ntilie anayekatwa kodi kwenye kila mche wa sabuni anaonunua, na ambaye mwanawe huenda asifike hata kidato cha tano. Kwa hiyo kabla ya kuuliza chuo kipi ni nafuu, tuulize aliyesomeshwa kwa fedha za wengine anadaiwa nini, na kama aliyejilipia hadaiwi kitu.

Mwalimu Nyerere alikuwa na jibu kali. Mwaka 1964 alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyekabidhiwa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi, ni msaliti. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima na mshahara uliopunguzwa, baadhi wakidai afadhali enzi za mkoloni. Zaidi ya 300 walifukuzwa, na Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwa adhabu ile naona alipitiliza. Kwa hoja yake sivyo. Ila hoja hiyo ilisimama juu ya jambo moja, kwamba chakula kilikuwa cha kijiji. Tangu vyuo binafsi vianze miaka ya 1990, wako maelfu wanaoweza kusema chakula walichokula kilitoka nyumbani kwao.

Hapa fikra ya zamani zaidi inatufaa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu tiba kuwa fardhi kifaya: jukumu la jamii nzima, ambalo wakilitekeleza wa kutosha, wengine wamesalimika, na likiachwa, wote wana dhambi. Alilalamika kwamba watu wanarundikana kwenye fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ilhali miji mingine haina tabibu Mwislamu. Mtazamo huu unabadilisha mambo. Anayesomea tiba anabeba mzigo wa wengine kwa niaba yao, na uwakala huo hautokani na nani amelipa ada. Kwa hiyo jamii inapaswa kuchangia gharama yake popote anaposoma, na yeye anapaswa kuitumikia popote aliposoma. Hoja hii haimgusi Mwislamu peke yake. Yeyote anayekubali kwamba wilaya isiyo na daktari ni aibu ya wote ameshaikubali.

Mtu atapinga: mzazi wa chuo binafsi amelipa kodi, kisha amelipa ada, sasa aambiwe kijana wake bado anadaiwa? Ni kweli amelipa mara mbili, na deni lake ni dogo zaidi. Lakini si sifuri. Wanafunzi wengi wa udaktari wa vyuo binafsi hujifunzia kwenye wodi za hospitali za serikali, juu ya miili ya wagonjwa maskini. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, nayo hukopesha wanafunzi wa pande zote mbili.

Pingamizi lililo zito ni la alama: nafasi nafuu apewe aliyefaulu zaidi. Linasikika kama haki mpaka uangalie alama zinakotoka. Mtoto wa shule binafsi yenye maabara na walimu kamili anashindana na wa shule ya kata anayesoma kemia kwa kukariri. Wa kwanza hupata nafasi ya umma kwa ada ndogo. Wa pili, akipata alama za kubahatisha, huangukia chuo binafsi. Ruzuku inamfuata aliyekwisha kusaidiwa. Kenya ilipojaribu mwaka 2023 kupanga wanafunzi kwa kipato, ililalamikiwa kwamba wengi wamewekwa kundi lisilo lao, na suala likafika mahakamani. Kupima umaskini ni kazi ngumu, sikatai, lakini kutopima kabisa ni kumpa aliye nacho.

Fedha ya umma basi imfuate mwanafunzi mwenye shida na taaluma inayopungua, si jina lililoandikwa getini. Na kwa kuwa tangu 2016 sheria inamkata mdaiwa wa Bodi asilimia 15 ya mshahara, Bunge lingeweza kuruhusu daktari au mwalimu anayekubali wilaya za pembezoni afutiwe sehemu ya deni kwa kila mwaka anaokaa huko, awe amesoma Muhimbili au chuo binafsi.