Kujitupa Majini au Kungoja

Mtu asimame juu ya mchanga wa Shungimbili, kisiwa kile kidogo kaskazini-magharibi ya Mafia, siku ya kusi kali, aone ngalawa imepinduka na mwenziwe anazama. Afanyeje? Wengi watajibu upesi ya kwamba ajitupe majini, naye asiyejitupa ni mwoga. Lakini waulizeni mabaharia. Watawaambia kwamba azamaye hushika lo lote lililo karibu, hata shingo ya mwokozi wake, wakafa wawili. Kwa hiyo hutupa kwanza kamba, au ubao, au dumu tupu.

Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilipinduka katika ziwa la Viktoria, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza. Tumbo lake likaelea juu, na walio ndani wakasikiwa wakigonga. Ni nani awezaye kusikia mgongo ule akakaa kimya? Chuma kikatobolewa ili watolewe; hewa iliyoishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Mamia ya watu walikufa katika safari ile. Siwahukumu waliotoboa, kama ningalikuwapo, labda ningalikuwa wa kwanza kudai itobolewe. Walakini huruma haikuijua kazi ya hewa.

Tena tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika ziwa lilo hilo, karibu na kiwanja cha Bukoba. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao, hawakungoja kuamriwa. Katika watu 43 walipona 24. Wavuvi hawa nao walijitia hatarini. Ila maji yale waliyajua, na mitumbwi walikuwa nayo.

Hapo mtu atasema, Basi asiye na ujuzi amepata udhuru mzuri, aende zake. La, sivyo. Msamaria yule tumsomaye alimkuta majeruhi wanyang'anyi wamekwisha kwenda. Mara nyingi nimejiuliza, kama wangalikuwapo bado, angalifanyaje? Nadhani hangaliwarukia peke yake mikono mitupu. Lakini pia sidhani kama angalipita upande wa pili. Kati ya kurukia na kupita pana kazi nyingi.

Wala si kila asimamaye karibu amekuja kwa huruma. Huko Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka. Wengi wakakimbilia kuchota mafuta, wengine kutazama tu, na moto ukaua watu zaidi ya 100. Pale neno la kwanza la upendo lilikuwa kuwafukuza watu, hata kwa ukali.

Basi yule wa Shungimbili asiyejua kuogelea simwiti mwoga. Namwuliza tu alifanya nini wakati ule: je, alipiga ukelele, alitafuta kamba, alimtuma mtoto kuwaita wenye mashua? Na jicho lake, je, alilikaza mahali pale kichwa kilipoonekana mara ya mwisho, apate kuwaonyesha watakapofika?