TIMU NI YA NANI?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu watashangaa kuona kwamba ukurasa huu, uliozoea kusema habari za Sakramenti, malezi ya watoto na wajibu wa raia, leo wasema habari za mchezo. Tena si mpira wa miguu tunaoujua sote, bali besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kurusha mpira mdogo na kuupiga kwa gongo. Twaomba tuvumiliwe. Swali la haki halichagui mahali pa kuzukia. Swali lililozuka katika mji wa Oakland, jimbo la California, lastahili kufikiriwa na kila mtu mwenye dhamiri: mtu akipenda kwa moyo wake wote kitu ambacho kwa sheria ni mali ya mwingine, je, upendo ule wampa haki yoyote?

Kwanza tueleze mambo jinsi yalivyokuwa. Timu iitwayo Athletics ilizaliwa Philadelphia mwaka 1901, ikahamia Kansas City mwaka 1955, kisha ikafika Oakland mwaka 1968. Oakland ni mji wa bandari, mji wa wafanyakazi, unaotazamana na San Francisco ng'ambo ya ghuba, na kwa miaka mingi umekaa katika kivuli cha mwenzake aliye tajiri. Timu hiyo ikaupa jina. Ilitwaa ubingwa mwaka 1972, ikautwaa tena 1973 na 1974, na mara nyingine 1989. Watoto walioshikwa mkono na baba zao kwenda uwanjani miaka ile wakakua, wakawashika mkono watoto wao wenyewe, na hao nao wakawashika wa kwao.

Lakini kule Marekani timu kama hizo si chama. Hapa kwetu Simba na Yanga zimekua zikiwa za wanachama, na hata ulipoingia mpango wa kuzigeuza kampuni, kanuni zilitaka wanachama wabaki na sehemu iliyo kubwa. Kule timu ni mali ya mtu au kampuni, kama lilivyo duka au shamba, na shabiki hana kura. Mwaka 2005 Athletics ilinunuliwa kwa dola zipatazo milioni 180 na Lewis Wolff pamoja na John Fisher, mtoto wa familia iliyoanzisha maduka ya nguo ya Gap; na tangu mwaka 2016 Fisher ndiye aliyeishika timu.

Hapo ndipo manung'uniko yalipozidi. Muda mfupi kabla ya msimu wa 2022 kuanza, Matt Olson alipelekwa Atlanta, Matt Chapman Toronto, Chris Bassitt New York, na Sean Manaea San Diego. Kabla mwaka ule haujaisha Sean Murphy naye akapelekwa Atlanta. Hawa walikuwa nguzo za nyumba. Badala yao wakaja vijana ambao majina yao hayakujulikana bado, na ambao mishahara yao ilikuwa midogo. Mwaka 2023 timu ilicheza michezo 162 ikashindwa 112. Watu wakapungua viwanjani, kama ambavyo wateja hupungua kwa mwokaji anayepunguza unga katika mkate; na tayari mwaka 2022 hakuna timu kati ya zote 30 za ligi kuu iliyopata watazamaji wachache kuliko Athletics. Kisha viti vile vitupu vikageuzwa kuwa hoja: Oakland, ikasemwa, haiipendi tena timu yake; basi na iende Las Vegas.

Yatupasa kuwa wa haki kwa mwenye timu pia. Uwanja wa Oakland, uliofunguliwa mwaka 1966, ulikuwa umechakaa, hata maji machafu yalifurika ndani ya vyumba vya wachezaji. Mazungumzo ya kujenga mwingine kandokando ya bandari yalichukua miaka na hayakufika mwisho, na katika mazungumzo ya namna hiyo ni nadra kosa kuwa la upande mmoja. Zaidi ya hayo, Amri ya Saba humlinda tajiri kama imlindavyo maskini. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, aliitetea kwa nguvu haki ya mtu kuwa na mali yake mwenyewe. Shabiki anayesema kwamba timu ni yake kwa sababu tu amenunua tiketi miaka thelathini hana hoja. Alinunua tiketi, akaonyeshwa mchezo. Deni hilo limekwisha.

Lakini Papa yuleyule, akifuata mafundisho ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipambanua kuwa na mali na kuitumia mali. Haki ya kuwa nayo ni jambo moja. Namna ya kuitumia ni jambo jingine, na hapo mwenye mali hawezi kujifungia mlango na kusema, 'Ni changu, nafanya nipendavyo.' Ni msimamizi. Wakristo waliobeba mawe na mchanga kujenga kanisa la kigango wanajua vizuri kwamba hati ya kiwanja imeandikwa kwa jina la wadhamini wa jimbo. Hata hivyo padre atakayesimama mbele yao Jumapili na kuwaambia, 'Kanisa hili si lenu,' atayajua makosa yake kabla ya masomo kwisha.

Tena, mwenye timu ana nini hasa mkononi mwake? Ana jina, ana mikataba ya wachezaji, na ana nafasi katika ligi ambayo hakuna mwingine awezaye kuingia bila idhini ya wenye timu wenzake. Timu iliyonunuliwa kwa milioni 180 leo huhesabiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni moja. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni fedha za televisheni, lakini televisheni hulipa kwa sababu watu hutazama, na watu hutazama kwa sababu wanapenda. Kiwanda cha sabuni hakihitaji kupendwa. Timu bila kupendwa ni watu tisa wakikimbia juu ya majani.

Wala wenye timu hawawezi kujitetea wakisema kwamba biashara yao ni kama biashara nyingine yoyote. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba besiboli haifungwi na sheria za taifa zinazozuia ukiritimba, na wenye timu wameikumbatia kinga hiyo muda wote tangu hapo. Basi, inapowafaa, besiboli si biashara ya kawaida, bali ni urithi wa taifa unaostahili ulinzi wa pekee. Na isipowafaa, ni biashara tu, na shabiki anyamaze. Mtu mwaminifu hana budi kuchagua moja.

Kwa maoni yetu, kilichowaumiza watu wa Oakland ni jambo la Amri ya Nane kuliko la Saba. Kuhamisha mali yako si wizi. Lakini kuifanya nyumba isikalike, kisha kuuonyesha umma vyumba vitupu na kusema, 'Tazameni, wapangaji wenyewe wameondoka,' ni kulisema jambo lisilo kweli juu ya jirani. Mashabiki wengi waliamini kwamba ndivyo walivyotendewa kwa makusudi. Nia iliyokuwa moyoni mwa mwenye timu Mungu ndiye aijuaye, nasi hatumhukumu. Mpangilio wa matendo, hata hivyo, ulikuwa mbele ya macho ya wote, na asiyetaka kushukiwa hutoa maelezo.

Walijibu kwa namna iliyotupendeza. Badala ya kugoma kwenda uwanjani, tarehe 13 Juni 2023 walipatana kwenda wote kwa pamoja. Walifika 27,759, wengi wakiwa wamevaa fulana zenye neno moja tu la kumtaka mwenye timu auze, nao wakalipaza neno hilo jioni nzima. Timu yao dhaifu ikawashinda Tampa Bay 2 kwa 1. Siku ileile baraza la Seneti la Nevada lilipitisha muswada wa kutoa dola milioni 380 za umma kusaidia ujenzi wa uwanja wa Las Vegas, na siku mbili baadaye gavana akautia sahihi. Mkuu wa ligi alipoulizwa juu ya umati ule alijibu kwa dhihaka kwamba ilipendeza kuona idadi ikikaribia ile ya kawaida. Mwezi wa Novemba wenye timu wote 30 wakakubali Athletics ihame. Hakuna hata mmoja aliyepinga.

Hapa twataka kukaa kidogo na shabiki mwenyewe, kwa maana katika uchungu wake yamechanganyika malalamiko mawili ambayo hayafanani. Husema, 'Wametuuzia timu.' Husema pia, 'Wametuuzia Olson.' Lile la kwanza tumelitazama. Hili la pili lina hatari ndani yake, na shabiki mwema huweza kulitamka maisha yake yote asiitambue.

Kwa muda mrefu kila mkataba wa mchezaji wa besiboli ulikuwa na kifungu kilichomfunga kwa timu yake mwaka baada ya mwaka. Timu iliweza kumwachisha au kumpeleka kwingine; yeye hakuweza kuondoka. Mwezi wa Oktoba 1969 Curt Flood, aliyeichezea timu ya St. Louis misimu kumi na miwili, aliarifiwa kwa simu kwamba amepelekwa Philadelphia. Alikuwa Mmarekani mweusi, mwenye mshahara wa dola 90,000 kwa mwaka, fedha nyingi sana siku zile. Siku ya mkesha wa Noeli akamwandikia mkuu wa besiboli kwamba hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila hiari yake. Akaenda mahakamani. Mwezi wa Juni 1972 Mahakama ya Juu ilimnyima haki kwa kura tano dhidi ya tatu, na wakati huo uchezaji wake ulikuwa umekwisha. Waliofaidi ni wengine: tangu 1973 mchezaji aliyetimiza miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na timu moja, aweza kukataa kuhamishwa, na Desemba 1975 mwamuzi Peter Seitz alikivunja kifungu kile cha kale.

Wengi walimcheka Flood. Mtu mwenye dola 90,000, walisema, anajiita mtumwa! Sisi tunaoishi katika nchi yenye Bagamoyo hatuwezi kulitumia neno hilo ovyo, maana tunajua mnyororo ulikuwa chuma kweli. Lakini alichokisema Flood ni kwamba mshahara, hata uwe mnono namna gani, haumgeuzi mtu kuwa kitu. Na hilo ndilo fundisho lenyewe la Kanisa juu ya kazi, alilolieleza tena Papa Yohane Paulo II mwaka 1981, kwamba mtu atangulia mtaji.

Na katika kesi ile mashabiki walikuwa upande gani? Wengi walikuwa upande wa wenye timu. Kifungu kile kiliwahakikishia kumwona mpenzi wao katika jezi ileile mwaka hata mwaka. Walidhani wanapenda uaminifu, kumbe walipenda mlango uliofungwa kwa nje. Hata leo utamsikia baba akimlaani mchezaji aliyemaliza mkataba wake na kwenda alikolipwa vizuri zaidi, wakati yeye mwenyewe amebadilisha mwajiri mara tatu kwa ajili ya karo za watoto wake. Olson na Chapman hawakuulizwa wanataka kwenda wapi. Mchezaji ambaye hajatimiza miaka sita katika ligi kuu bado huweza kuhamishwa kama gunia. Shabiki aliyelia kwa ajili ya viti vyake, je, alilia pia kwa ajili ya mke wa mchezaji aliyefunga mizigo kwa haraka, na watoto waliotolewa shuleni? Kama hakulia, basi kati yake na mwenye timu tofauti ni ndogo kuliko adhaniavyo: wote wawili wamemwona mtu yule kuwa ni wao, na wamegombana juu ya nani amshike.

Kwa hiyo twasema kwamba haki ya shabiki ipo, lakini inahusu mahali na ukweli, wala haimhusu mtu. Aweza kudai asidanganywe, na mji wake usisingiziwe. Aweza kudai kwamba kilichojengwa kwa upendo wa vizazi vitatu kisihamishwe kama meza. Aweza kuinyima timu fedha yake kwa dhamiri safi, na aweza kuanzisha nyingine, kama walivyofanya baadhi ya watu wa Oakland walioanzisha timu ndogo ya Ballers na mwaka 2024 kuwauzia mashabiki hisa. Katika mchezo mwingine wa Wamarekani, timu ya Green Bay imekuwa ya wenye hisa wa kawaida tangu 1923, nao hawapati faida hata senti. Basi jambo hilo lawezekana. Asichoweza kudai ni maisha ya kijana wa miaka ishirini na minane. Wala hana ruhusa ya kumchukia mwenye timu, au kurudi nyumbani na hasira ambayo mkewe na watoto wake hawakuisababisha. Twaandika hili tukijua nyumba ambazo Jumapili jioni hutegemea matokeo.

Tarehe 26 Septemba 2024 Athletics ilicheza Oakland kwa mara ya mwisho mbele ya watu 46,889, ikawashinda Texas 3 kwa 2. Wazee walilia waziwazi, na wapo walioondoka na udongo wa uwanja katika vikopo. Tangu mwaka 2025 timu hucheza West Sacramento, katika kiwanja kidogo chenye nafasi ya watu wapatao 14,000, ikingojea uwanja wa Las Vegas unaotazamiwa kuwa tayari mwaka 2028. Huko Sacramento haikuchukua jina la mji. Inaitwa Athletics tu.