Shahidi si Mpelelezi: Polisi na Watu wa Kartie



Ndugu Waislamu, liko swali ambalo tumeulizwa zaidi ya mara moja baada ya swala. Mtu akimjua mwizi wa avenyu yake, au akijua nyumba ambamo bunduki imefichwa, je, akienda kusema polisi anatimiza wajibu wa ushahidi, au anaingia katika dhambi ya kupeleleza waja wa Mwenyezi Mungu?

Wapo wanaojibu kwa haraka: "Polisi gani? Utakwenda na shida moja, utarudi na mbili." Tusiwadharau wenye kusema hivyo. Aliyeibiwa mbuzi ataombwa pesa ya karatasi ya mwito, kisha pesa ya usafiri wa askari, na mwishowe atauza mbuzi wa pili ili amtafute wa kwanza. Askari naye ana hoja yake: mshahara ni mdogo, tena huchelewa, na nyumbani ana watoto. Lakini njaa ya askari haimfanyi mnyonge wa sokoni awe mdaiwa wake.

Sheria ya nchi yetu kuhusu jambo hili ni nzuri kuliko hali tunayoiona. Sheria namba 11/013 ya tarehe 11 Agosti 2011 inasema kwamba Polisi ya Taifa ni huduma ya kiraia, iliyo wazi kwa watu na yenye kuwasikiliza. Katika miaka hiyo hiyo ukaletwa mpango wa polisi wa karibu na raia, ukajaribiwa Bukavu, Matadi na Kananga kwa msaada wa Uingereza. Shabaha yake ilikuwa kuwakalisha pamoja kiongozi wa mahali, mkubwa wa polisi na wakaaji wenyewe, waseme ni wapi wanaibiwa, saa ngapi, na ni askari gani anayewasumbua. Ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, walikuwa wameanza mwaka 2006 kwa jina la polisi jamii, na mabalozi wa nyumba kumi walikuwa nao tangu miaka ya 1960. Nasi huku Kivu neno nyumba kumi tunalijua.

Basi tuliangalie hilo neno karibu. Mtu anaweza kuwa karibu nawe kama jirani anayekuja kwako ukifiwa. Anaweza pia kuwa karibu kama yule aliyebandika sikio kwenye ukuta wako. Askari ni wa aina ipi?

Wanazuoni, akiwemo Imam Ghazali, wamesimulia kisa cha Sayyidna Umar (R.A.). Alikuwa akizunguka Madina usiku kulinda watu, na kazi hiyo aliifanya mwenyewe, Khalifa mzima. Akasikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Alipomkemea, yule mtu akamjibu kwamba yeye amekosa moja, lakini Amiri wa Waumini amekosa matatu: amepeleleza, na Mungu amekataza kupelelezana; amepita ukutani, na tumeamrishwa kuingia nyumba kwa milango yake; tena ameingia bila kubisha hodi wala kutoa salamu. Umar akamwachilia.

Tazameni, ndugu zangu. Mkosaji hakusema kwamba kosa lake ni halali. Mkubwa naye hakusema, "Mimi ndimi serikali." Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 29, inazuia nyumba ya mtu isiingiliwe wala kupekuliwa ila kwa namna iliyowekwa na sheria. Askari anayevunja mlango usiku bila karatasi, hata kama ndani yumo mwizi kweli, amewafundisha watoto wa nyumba hiyo kumkimbia maisha yao yote. Kesho akitaka habari, nani atampa?

Sasa tujitazame na sisi raia, maana hapa Uvira jambo hili limekuwa la kufa na kupona. Februari 2025 Bukavu ilipoanguka, mji wetu ulijaa waliokimbia na wenye silaha. Desemba 2025 Uvira yenyewe ikaingia mikononi mwa M23, na Januari 2026 walipoondoka jeshi la serikali likarudi. Kila mamlaka inapobadilika minong'ono huanza: fulani alikuwa nao, fulani aliwapikia, fulani ni wa kwao. Mwenye deni anamchongea anayemdai. Mwenye wivu anamchongea mke mwenza. Mtu anashikwa kwa sura yake, au kwa lugha anayozungumza na mama yake. Huo si ushahidi hata kidogo! Tumeamrishwa kuchunguza habari anapoileta mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Amri hiyo inamhusu anayepeleka habari, na inamhusu zaidi OPJ anayeiandika.

Jibu la swali basi ni hili. Ulichokiona kwa macho yako, chenye kumdhuru mwingine, kama wizi, kushika mtu kwa nguvu au silaha iliyofichwa, kiseme, na ukikificha utaulizwa mbele ya Mola wako. Ulichokidhania, au ulichoambiwa kisimani, kiache hapo hapo. Aibu ya mtu ndani ya nyumba yake, isiyomdhuru jirani, isitiri. Na yule kijana aliyeshikwa na simu ya watu asipigwe mawe wala kuchomwa. Apelekwe, hata kama unaamini atatoka kesho kwa pesa. Wanaomuua kwa kuwa polisi ni dhaifu wamejifanya polisi, hakimu na mnyongaji kwa saa moja, na mara ngapi ameuawa asiyekuwa mwizi?

Askari naye atajulikana kwa mambo madogo. Akichukua jina la aliyempa habari na kulitamka kwenye meza ya pombe, amemuuza mtu huyo, na katika mji wenye bunduki nyingi kama huu, huenda amemuua. Siri ya shahidi ni amana kama fedha ya yatima.

Kikao cha kartie kikiitishwa, twende, tusimwachie chefu peke yake. Tuulize nani yuko kasho na tangu lini, kwa sababu kifungu cha 18 cha Katiba hakiruhusu mtu kuwekwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya sheria. Mama zetu nao waende. Wao ndio wanaopita Kavimvira na Kalundu alfajiri na mizigo kichwani, na wanajua kizuizi gani kinatoza, kiasi gani, na mkononi mwa nani.