Uchovu wa Mgonjwa wa Kisukari

Maradhi ya kisukari hayana siku ya mapumziko. Mkulima wa Kasulu au Kibondo aamkaye alfajiri hana budi kukumbuka sindano, kukadiria ugali wake (na ugali wa muhogo si mwepesi kwa mwenye sukari), na kutazama nyayo zisiwe na kidonda. Kesho ni vivyo hivyo. Si ajabu moyo ukachoka.

Wako wamwambiao kwamba imani yake imepungua. Hayo si maneno ya dini. Mtume Muhammad (s.a.w.) alimfahamisha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kukesha katika sala, kwamba mwili wake una haki juu yake. Na Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, imemruhusu mgonjwa kutofunga Ramadhani. Mungu akimpunguzia nguzo ya dini, sisi twamwongezea lawama kwa idhini ya nani?

Lakini sindano haiachwi. Kabla ya insulini kutumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza, huko Toronto mwaka 1922, watoto wenye maradhi hayo walikuwa wakifa tu. Kipunguzwacho ni upweke: nyumba nzima ile chakula kimoja naye, kijana aende kumchukulia dawa, naye amwambie tabibu waziwazi, "Nimechoka," ili watazame pamoja lipi laweza kurahisishwa.